Beringi iliyofungwa inakufa kila baada ya miezi minne: kosa liko wapi?

Swali: Nina karakana ndogo ya kukereza vyuma. Nimetengeneza shafti ya kati inayopokea nguvu kwa mkanda kutoka injini ya dizeli ya silinda moja, kisha inazungusha pampu ya maji kwa kaplingi. Injini hiyohiyo inaendesha mashine ya kusaga, kwa hiyo vumbi la unga ni jingi. Shafti ina kipenyo cha 25 mm, inazunguka mara 2,200 kwa dakika, na nguvu inayopita ni kama kilowati 5. Puli ni ya 120 mm, iko 60 mm mbele ya beringi ya kwanza, na beringi zimeachana 120 mm. Nimeweka beringi mbili za namba 6205 ZZ, zile zilizofungwa kwa vifuniko pembeni na grisi yake ndani, nikitaka nisiguse grisi tena. Ya mbele inakufa kila baada ya miezi minne au mitano. Nifanyeje idumu? Na je, beringi za namna hii zinaweza kufungwa kwenye krankshafti yenyewe, tuachane na habari za oili?

Jibu: Ndugu fundi, kabla hujanunua nyingine, ichukue iliyokufa uifungue. Vibati vya pembeni vinang'oka kwa bisibisi nyembamba. Futa grisi kwa kitambaa, usiioshe kwanza, maana grisi yenyewe ina habari nyingi.

Ikiwa nyeusi, kavu, imegandamana kama lami, beringi imeungua kwa joto. Ikiwa imechanganyika na unga au imekuwa nyeupe kama maziwa, vumbi au maji yameingia. Ikiwa bado laini na ina rangi yake, lakini njia ya gololi imebanduka vipande, mzigo ulizidi. Sasa angalia ringi ya nje. Mkanda unavuta upande mmoja siku zote, kwa hiyo alama ya gololi inatakiwa ionekane upande mmoja tu wa ringi hiyo. Alama ikizunguka ringi yote kwa uzito uleule, beringi ilikuwa imebanwa, haina nafasi ya kupumua ndani. Unga wa rangi ya kutu kwenye tundu la ringi ya ndani unaonyesha kwamba shafti ilikuwa inacheza humo. Vishimo vilivyopangana kwa umbali sawa na wa gololi ni vya nyundo wakati wa kufunga. Na mistari myembamba iliyobanana kama ubao wa kufulia ni ya umeme: mtu amechomelea kwenye mashine, na klipu ya athi ameibana mahali ambapo umeme ulilazimika kupita kwenye beringi.

Kwa vipimo ulivyotoa, mshukiwa wangu wa kwanza ni mkanda. Tupige hesabu pamoja.

Nguvu ya kilowati 5 kwa mizunguko 2,200 inatoa msokoto wa 9,550 × 5 ÷ 2,200, yaani kama Nm 21.7. Puli ya 120 mm ina nusu kipenyo cha 0.06 m, kwa hiyo mkanda unavuta kwa nyutoni 362 hivi ili kufanya kazi. Lakini mkanda wa V una upande uliokazwa na upande uliolegea, na zote mbili zinavuta shafti kuelekea injini. Ukikazwa kwa kiasi, jumla ni kama mara mbili ya nguvu ya kazi, yaani nyutoni 720. Kwa kuwa puli imening'inia 60 mm nje, beringi ya mbele haibebi 720 tu. Inabeba 720 × 180 ÷ 120, ambayo ni nyutoni 1,080. Injini ya silinda moja inapiga kwa mishindo, kwa hiyo zidisha kwa 1.3: unapata nyutoni 1,400.

Beringi ya 6205 ina uwezo wa mzigo wa kuzunguka wa kama nyutoni 14,000. Uhai wake kwa mamilioni ya mizunguko ni uwezo gawanya kwa mzigo, kisha matokeo yanazidishwa yenyewe kwa yenyewe mara tatu. Hapa 14,000 ÷ 1,400 ni 10, na 10 × 10 × 10 ni 1,000: mizunguko milioni 1,000. Kwa 2,200 kwa dakika hiyo ni kama saa 7,500. Ukifanya kazi saa 8 kwa siku, siku 25 kwa mwezi, ni zaidi ya miaka mitatu.

Sasa mkanda huo ukazwe mpaka ulie kama kamba ya gitaa, mzigo uwe mara mbili. Uwezo gawanya kwa mzigo inakuwa 5, na 5 × 5 × 5 ni 125. Uhai umeshuka mara nane, mpaka saa 950 hivi, na kwa ratiba ileile hiyo ni karibu miezi mitano. Linganisha na unachokiona kwako.

Ndiyo maana kazi ya kubuni inaanzia nje ya beringi. Isogeze puli karibu. Ukipunguza ule urefu wa 60 mm uwe 30 mm, beringi ya mbele inabeba nyutoni 900 badala ya 1,080, na uhai unapanda kutoka saa 7,500 hadi karibu 13,000 bila kununua chochote. Puli kubwa zaidi nayo inapunguza mvuto, ila itabidi ubadilishe na ya injini ili kasi ibaki ileile. Ukitaka akiba zaidi, tumia 6305 upande wa mbele: tundu ni lilelile la 25 mm, ringi ya nje ni 62 mm, upana 17 mm, na uhai wake kwa mzigo huohuo ni karibu mara tatu. Kukaza mkanda, pima kwa rula na si kwa sikio: katikati ya puli mbili usukume kwa nguvu iliyoandikwa na mtengenezaji wa mkanda, ushuke kama 1.6 mm kwa kila 100 mm ya urefu ulio wazi.

Hayo yote ni uhai wa chuma. Beringi iliyofungwa ina uhai wa pili, wa grisi, na mara nyingi huo ndio unaoisha kwanza. Beringi ya wazi ukikosea kidogo unaongeza grisi mwezi ujao. Hii hapana. Grisi iliyomo ndiyo hiyohiyo mpaka mwisho, na haijajazwa: kiwandani huwekwa robo hadi theluthi hivi ya nafasi iliyo wazi ndani. Wengi wakiona hivyo hung'oa kifuniko na kushindilia ijae. Usifanye hivyo. Grisi ikijaa inakorogwa na gololi, inapata joto, oili yake inajitenga na kuvuja, na kinachobaki ni sabuni kavu. Isitoshe, hujui ile ya ndani ni ya aina gani. Ya lithiamu ikichanganywa na ya poliurea, mchanganyiko unaweza kulainika mpaka ukamwagika.

Kanuni ya joto ni kali kuliko watu wanavyodhani. Kuanzia nyuzi 70, kila nyuzi 15 zinazoongezeka zinakata umri wa grisi nusu. Chukua grisi ambayo ingedumu saa 10,000 kwenye nyuzi 70: kwenye 85 ni 5,000, kwenye 100 ni 2,500, kwenye 115 ni 1,250. Ikiwa ekzosi ya injini yako inapita kiganja kimoja kutoka kwenye hausingi, umri wa beringi unapangwa na ekzosi. Weka bati la kukinga kati yao, uache hewa ipite pande zote mbili za bati. Bati lililogusana na hausingi halikingi kitu. Kama joto haliwezi kushushwa chini ya nyuzi 100, agiza beringi yenye grisi ya poliurea iliyotengenezwa kwa oili ya sinthetiki, aina inayowekwa kwenye alteneta na mota za umeme, na sili za mpira wa floro. Mpira wa kawaida, ule mweusi wa nitrili, unafaa hadi nyuzi 100. Ukizidi hapo kwa muda mrefu unakuwa mgumu na mdomo wake unaacha kugusa.

Hapo tumefika kwenye herufi za mwisho za namba. ZZ maana yake ni vibati viwili vya chuma ambavyo havigusi ringi ya ndani. Kuna mwanya mwembamba pande zote. Vinazuia vipande vikubwa na kubakiza grisi, lakini vumbi la unga linapita. Kwako inatakiwa 2RS, yenye mdomo wa mpira unaogusa. Viwanda vina majina tofauti kwa kitu hichohicho: NSK huandika DDU, NTN huandika LLU, SKF huandika 2RSH au 2RS1. Mdomo unaogusa unasugua, na hilo linapunguza kasi inayoruhusiwa. Kwa 6205 ya 2RS ni kama mizunguko 8,500 kwa dakika, wakati ya vibati hufika 14,000 hivi. Wewe uko 2,200, huna wasiwasi wowote. Kwa alteneta, inayoweza kuzunguka mara 15,000 na zaidi, hesabu hiyo inabadilika kabisa, na hapo huwezi kuchagua sili bila kuangalia kasi.

Hata 2RS usiiache peke yake mbele ya unga. Mdomo ule ni mwembamba kama ukucha. Kuna jambo jingine wengi hawalijui: beringi inavuta pumzi. Ikifanya kazi, hewa ya ndani inapanuka na kutoka. Ikizimwa na kupoa, inanywea na kuvuta kilicho mdomoni, kiwe unga au maji. Ndiyo maana kuosha mashine ikiwa ya moto ni kuiua. Mbele ya beringi weka kisahani cha chuma kinachozunguka na shafti, kiwe kikubwa kidogo kuliko tundu la kifuniko, na mwanya kati yake na kifuniko uwe kama 0.3 mm. Kinachokaribia kinarushwa nje kabla hakijaufikia mpira. Ni dakika ishirini za kazi kwenye mashine ya kukereza, na sioni kitu kingine kwenye mtambo huu kinachokulipa zaidi ya hicho.

Sasa vipimo vya kukereza, ambako ndiko kazi yako ilipo. Mvuto wa mkanda hausogei, ringi ya ndani inazunguka chini yake, kwa hiyo ya ndani lazima ibane na ya nje iingie kwa mkono. Ukiigeuza kanuni hii, ringi ya ndani itatambaa juu ya shafti polepole mpaka iitafune. Kereza kiti cha beringi kwenye shafti kati ya 25.002 na 25.011 mm. Tundu la hausingi la 6205 liwe kati ya 52.000 na 52.030 mm. Pima kwa maikromita, shafti ikiwa imepoa. Venia haitoshi hapa. Uso wa shafti uwe laini, umalizie kwa msasa mwembamba au kwa kunoa, kwa sababu mistari ya kisu ikipondwa na ringi, ule ubanaji ulioupima unapotea siku ya kwanza. Bega la shafti lifike angalau 31 mm, na kona yake iwe na mviringo usiozidi 0.8 mm, maana kona ya ringi yenyewe ni 1 mm. Mviringo wa shafti ukiwa mkubwa kuliko wa ringi, beringi inakaa juu ya kona badala ya kuegemea bega, na itakaa upande.

Shafti iliyolegea wengi huipiga sentapanchi kuzunguka ili ichomoze vijipele. Inabana kweli, kwa wiki mbili. Mzigo unabebwa na ncha za vijipele tu, zinapondeka, chuma kinaanza kusuguana na kutoa ule unga mwekundu, na shafti inazidi kupungua. Jazia kwa kuchomelea kisha uikereze upya, au kama ulegevu ni mdogo, tumia gundi ya kushikiza beringi baada ya kusafisha mafuta yote.

Kwa kubana hivyo, beringi lazima iwe na alama ya C3, yaani yenye uwazi mkubwa zaidi kati ya gololi na ringi. Uwazi huo wa ndani kwa 6205 ya kawaida ni kati ya elfu 5 na elfu 20 za milimita, yaani 0.005 hadi 0.020 mm. Wa C3 ni kati ya 13 na 28. Chukua katikati ya kila kitu: shafti yako inalizidi tundu kwa elfu 11.5, na kama asilimia 80 ya hiyo inapanua njia ya gololi, yaani elfu 9. Ringi ya ndani ikiwa na joto la nyuzi 10 zaidi ya ile ya nje, elfu 5 hadi 6 nyingine zinakwenda. Beringi ya kawaida ilianza na elfu 12.5: imebaki chini ya sifuri, gololi zimebanwa pande zote, na joto linapanda lenyewe. Ya C3 ilianza na 20.5 na imebakiwa na elfu 6 hivi, panapotakiwa. Tofauti ya herufi moja na tarakimu moja kwenye boksi.

Kama hausingi ni ya aluminiamu, hadhari. Aluminiamu inapanuka karibu mara mbili ya chuma. Joto likipanda nyuzi 80, tundu la 52 mm linaizidi beringi kwa elfu 45 hivi za milimita zaidi ya ulivyokereza, na ringi ya nje inaanza kuzunguka. Weka ala ya chuma ndani ya aluminiamu, ibane vizuri, kisha kereza tundu humo.

Matundu yote mawili yakerezwe bila kuitoa hausingi kwenye mashine. Beringi ya aina hii inavumilia kupinda kidogo mno: dakika 2 za pembe (dakika moja ni sehemu ya 60 ya nyuzi moja), salama kabisa, kwa umbali wako wa 120 mm ni 0.07 mm tu. Na usizifunge beringi zote mbili kwa saklipu. Shafti ikipata joto la nyuzi 40 kuliko hausingi, inarefuka karibu 0.06 mm kati ya beringi hizo, na isipopata pa kwenda inazisukuma gololi pembeni. Ifunge ya mbele pande zote mbili, ile ya nyuma ringi yake ya nje iachiwe nafasi ya nusu milimita iteleze, na nyuma yake weka washa ya mawimbi iisukume kidogo. Washa hiyo inazifanya gololi zizunguke badala ya kuteleza wakati mzigo ni mdogo.

Kufunga: tumia kipande cha bomba kinachogusa ringi ya ndani peke yake, na mashine ya kukandamiza (presi) kama ipo. Ukigonga ringi ya nje ili ya ndani iingie, nguvu yote inapita kwenye gololi. Kuipasha moto ili iingie kirahisi inaruhusiwa, lakini iliyofungwa isipite nyuzi 80, na isitumbukizwe kwenye oili ya moto hata kidogo, itabadilisha grisi yake. Ikishafungwa, endesha saa moja bila mzigo, kisha mbili na mzigo, ukipima joto la hausingi. Litapanda mwanzoni grisi inapojipanga, halafu litashuka na kutulia. Likiendelea kupanda bila kutulia, zima: beringi imebanwa au mkanda umezidi.

Kuhusu krankshafti, jibu ni hapana, na sababu ni mbili. Ya kwanza ni nguvu. Pistoni ya 100 mm ikisukumwa na mgandamizo wa baa 80, unapata nyutoni 62,800 kwa kila mlipuko. Beringi yako ina uwezo wa 14,000. Vile vibati viwili vya nusu duara vya krankshafti vinabeba mzigo huo kwa sababu oili inayosukumwa na pampu inatengeneza utando, shafti inaelea juu yake, na eneo lote la kibati linabeba. Gololi inagusa kwa nukta. Ya pili ni joto: oili ile hailainishi tu, inabeba joto na kuondoka nalo hadi kwenye kata, lile bakuli la oili chini ya injini. Grisi iliyofungiwa haiendi popote. Pikipiki nyingi ndogo zina beringi za gololi kwenye krankshafti, ni kweli, lakini ni za wazi na zinarushiwa oili ya injini muda wote. Ukiziweka za 2RS hapo, mpira unazuia oili iliyokusudiwa kuingia.

Beringi zilizofungwa zina mahali pake kwenye injini: alteneta, puli ya kukazia mkanda, na pampu ya maji. Kwenye pampu ya maji ya gari, shafti yenyewe ndiyo ringi ya ndani, gololi zinazunguka moja kwa moja juu yake. Kati ya sili ya maji na beringi pana kitundu kidogo kinachotazama chini. Kikianza kudondosha maji, sili imechoka na kitundu kinayatoa kabla hayajafika kwenye grisi. Wapo wanaokiziba kwa gundi ili kuzuia kuvuja. Maji yanageukia beringi, na puli ikikatika inaweza kwenda na rejeta.

Na kama umefikiria bushi za shaba zilizolowa oili, zile za starta, hizo kweli zinajilainisha: ni unga wa shaba na bati uliobanwa na kuchomwa, karibu sehemu moja ya tano ya ujazo wake ni oili. Shafti ikizunguka na kupata joto oili inatoka, ikipoa vitundu vinainyonya tena. Lakini angalia kikomo chake. Mgandamizo kwa megapaskali ukizidishwa na kasi ya uso kwa mita kwa sekunde usizidi kama 1.75. Bushi ya 25 kwa 25 mm ikibeba nyutoni 1,080 ina megapaskali 1.73, na shafti yako uso wake unakwenda mita 2.9 kwa sekunde. Zidisha: ni karibu 5, mara tatu ya inachoweza. Starta inaivumilia kwa sababu inazunguka sekunde chache tu kila mara. Shafti yako inazunguka saa nane.